Maneno Mawili Niliyomwandikia Ouma

Kisumu, Jumamosi

Dada yangu Zuhura,

Kabla sijakuuliza hali, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mjomba ninayekaa kwake. Nimemfukuzisha mtu kazi kwa neno moja la Kiingereza. Sasa niambie, hujambo? Kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti.

Unajua napiga taipu katika ghala la pamba karibu na bandari. Juma lililopita wachukuzi wawili wa marobota, Ouma na Otieno, walishikana mashati. Otieno alikuwa ameikalia kofia ya Ouma. Ouma akamsukuma, kifungo kikaruka, wenzao wakacheka, basi. Saa ya chai walikuwa wanamegeana mkate. Lakini meneja, Mzungu, aliwaona kutoka dirishani, akataka ripoti. Nyapara wao akanijia.

"Nyar Mombasa," akasema, maana huku binti anayesema Kiswahili kama chetu ni wa Mombasa tu, hata akitoka Voi. "Andika walishikana kidogo, Ouma ndiye alianza, wakaachana. Fanya haraka, mimi English sijui."

Ningeandika "scuffle", neno tulilofundishwa shuleni la watu kushikana kidogo tu. Nikaliona la kitoto. Nikafungua kamusi, nikakuta "affray": kupigana kwa muda mfupi mbele ya watu. Muda ulikuwa mfupi, na watu walikuwepo. Nikalipiga taipu kwa furaha, Dada. Nyapara akatia sahihi.

Kesho yake Ouma aliachishwa kazi. Karani mkuu akasema, "Bahati yake hakupelekwa polisi. Affray ni neno la kortini, mtu hufungwa kwa hilo." Nikainamia mashine, nikaendelea kupiga taipu.

Juzi Ouma alinisubiri langoni. "Sister, wanasema English yako ni kali. Niandikie huyu meneja. Mwambie niko na watoto wanne, na ile haikuwa vita, ilikuwa mchezo ya wanaume."

Nikamwandikia. Safari hii nikaweka "scuffle". Jioni akaniletea samaki wawili, ngege wa ziwani, ndani ya gazeti. Mjomba aliwasifu sana. Mimi nikasema tumbo linaniuma.

Jana meneja alisoma barua ile, akaitupa mezani. "Ripoti ilisema affray, sasa yeye anasema scuffle. Anageuza maneno. Mwongo huyu." Nilikuwa nimesimama pale pale, nikisubiri sahihi yake. Akatia sahihi, nikachukua karatasi zangu, nikatoka.

Kwa hiyo Jumatatu nitagonga mlango wake kabla sijaketi, niseme maneno yote mawili ni yangu, Ouma hakugeuza lolote. Nikifukuzwa, nitarudi nyumbani.

Msalimie Mama, na Bibi, na shemeji yetu mwalimu. Baba najua huwasomea wenzake wa reli barua zangu, akijisifu kwamba binti yake anawaandikia Wazungu. Hii asiione, Dada, nakuomba. Akikuuliza, sema haijafika.

Mdogo wako,
Rukia