Swali Nililomjibia Baba

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi haijakubana mno. Sisi huku, nikisema wazima nitakuwa nadanganya. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, ila kwa kutikisa kichwa, maana ana mpira puani.

Unajua tangu aanguke kwenye jukwaa la ujenzi alifungwa plasta, kifua mpaka kiuno. Mwezi mzima kalala chali, akakonda hadi plasta ikampwaya. Jumapili akaanza kutapika kijani. Tumbo likavimba, naye akamtania Mama kwamba safari hii mimba ni zamu yake. Mama hakucheka.

Daktari ni mgeni, hajui lugha yetu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Akadhani ni vidonda vya tumbo. Siku mbili dawa, siku mbili matapishi. Jumatano Baba akazirai, wakamwingiza kwenye mashine ya picha. Daktari akanichorea: mishipa miwili mikubwa ya damu imeubana utumbo katikati, kwa sababu mafuta yaliyoitenganisha yameisha. Alisema ni nadra, maisha yake yote ameona watatu tu. Sikuthubutu kuuliza wangapi walipona.

Plasta wameikata, wamemvalisha mkanda, wanamlaza ubavu wa kushoto. Ule mpira unapita palipobanwa ili chakula kifike mbele. Akinenepa, mishipa itauachia utumbo. Isipouachia, Ijumaa ijayo ni kisu, na alivyodhoofika, Kaka, naogopa hata kulitamka.

Sasa lililonishikisha kalamu. Siku ya kwanza daktari aliniambia nimuulize Baba kama anapata choo na kama anajamba. Baba yangu mzazi! Wodi nzima inasikiliza. Nikamuuliza kama mto umemkaa vizuri, akasema ndiyo, nami nikamgeukia daktari nikasema ndiyo, vyote viwili. Kumbe tumbo lilikuwa limefunga kabisa.

Jana nilimwambia daktari. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema zile siku mbili tulizihitaji, kisha akamwita muuguzi ajuaye lugha zote mbili. Tangu hapo sitafsiri. Baba anadhani nimechoka. Anawatambia wenzake kwamba binti yake anaongea na madaktari kama redio. Siwezi kumtazama.

Nataka ajue kabla ya Ijumaa, ajue kwa kinywa changu. Njoo ukae kando yangu nikimwambia.

Wasalimie wote hapo, na safari iwe nyepesi.

Ni mimi mdogo wako,
unayeniita Bubu