Viroboto, Paka wa Mama, na Jirani Aliyepita kwa Wakati

Jumapili. Jua la Tabora limekaza tangu asubuhi, vumbi la mtaa wetu wa Isevya limetanda hadi kwenye vikombe, nami moyo wangu umetulia.

Neema, binti yangu wa miaka mitatu, ameamka leo bila alama mpya miguuni. Nimemkagua mara mbili.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anajikuna hadi damu. Viroboto walitoka kwa paka wa mama. Mama alihamia kwangu kutoka Urambo baada ya baba kufariki, akaja na nguo chache na huyo paka, ambaye baba ndiye aliyemlea.

Nilijua hayo yote. Bado nilimwambia, "Mama, chagua. Paka au mjukuu wako."

Alianza kukunja khanga zake, kama anayejiandaa kuondoka.

Nikaona aibu, lakini badala ya kuomba radhi nikatafuta njia ya mkato. Nilichukua chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku aliyoisahau kaka yangu, nikaichanganya kwenye beseni ili nimwogeshe paka. Nilikuwa nimeshamshika paka shingoni pale jirani yetu, Mama Salma, alipoingia kuomba chumvi.

"Mama Neema, hiyo ni ya shambani," alisema. "Paka anajilamba. Na mtoto wako analala naye. Mimi niliua paka wangu hivyohivyo."

Nilimwachia paka.

Alinipeleka kwa bwana mifugo. Yule bwana alimpima paka uzito, akamdondoshea dawa ya viroboto nyuma ya shingo, pale asipofikia kujilamba. Akatuonya kwamba viroboto wengi hawako kwa paka, wako nyumbani: mayai kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye nyufa za sakafu. Wataendelea kuanguliwa kwa wiki kadhaa, tusikate tamaa.

Basi tukafanya kazi. Mashuka tuliyafua kwa maji ya moto. Magodoro yalishinda juani. Mama Salma alikuja siku mbili mfululizo, akakunja baibui lake, akafagia nyufa nami, na taka tukazichoma. Mama alikaa kibarazani akimchana paka kwa chanuo la meno ya kubanana, kila kiroboto akimzamisha kwenye maji ya sabuni. Siku ya kwanza nilimsikia akicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Leo baada ya kanisa nimemwomba mama msamaha.

"Ulikuwa unamlinda mwanao," akasema. "Mimi ningesema makali kuliko hayo."

Nimelia kidogo, sifichi.

Ni mara ngapi nimeshika kitu cha kuua nikidhani nimeshika tiba? Sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile kuna mtu aliishiwa chumvi, na kwa hilo namshukuru Mungu. Alfajiri nitafagia tena.