Maji ya Kwanza Hayamwagwi Mferejini

Mama yangu mpenzi,

Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako tangu niolewe, na najua haina pa kufikia. Miaka miwili na zaidi nilikunyima hata mstari mmoja. Nilikuwa nasubiri uanze wewe. Kiburi hiki nilikirithi kwako, kwa hiyo usinilaumu peke yangu.

Nimerudi Kigali. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini pa nyumba yetu, hapa Nyakabanda, maana ndani hamna hata kigoda. Cherehani yako wamechukua, mlango wamechukua, mabati ya jikoni wamechukua. Wameacha kitalu chako cha maua tu, nacho kimejaa magugu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unashuka kutoka kanisani na kikapu kichwani, kimefunikwa taulo nyeupe, ndani vitambaa vya altare vya kufua. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kukigusa mpaka ninawe mara mbili. Ulianza na vile vya mraba vinavyotandikwa chini ya kalisi, kikombe cha divai ya misa, ulivyovishona kwa mkono wako, kila kimoja na msalaba mdogo wa uzi mwekundu pembeni. Uliviloweka peke yavyo, na yale maji ya kwanza yalikwenda kwenye maua, mahali pasipokanyagwa na mtu. Huenda yana chembe ya hostia, ule mkate wa komunyo, ulisema, na chembe moja ni Yesu mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile uvivu uliponishika nikayamwaga mferejini. Mungu wangu, ulivyopiga kelele! "Konso, weye! Ile maji iko na Yesu ndani!" Ukapiga magoti pale pale barabarani, ukaanza kuchota tope kwa mikono, kanga inaburuzika, majirani wanacheka. Nikakuambia, "Mama, maji yakimwagika hayazoleki." Hukuinua hata kichwa. "Hiyo ni methali ya wavivu," ukasema. "Leta karai." Tulibeba makarai matatu ya tope kwenye maua, na mimi nililia kwa aibu.

Nikupe na lingine, hata kama halitakupendeza. Unamkumbuka Speciosa, jirani yetu wa chini, muuza pombe ya ndizi? Siku moja mvua ilinyesha, ukateleza kwenye ule mteremko, kikapu kikakuponyoka, naye akakidaka kabla hakijagusa chini. Ulimnyang'anya. "Weye unaishi na mwanaume bila ndoa, usishike vitu vya Mungu!" Alibaki amesimama na mikono hewani, matone ya mvua yanamdondoka. Hukumwambia asante. Jumapili alikaa benchi la mwisho kama kawaida yake, na wakati wa komunyo alibaki amekaa, peke yake.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilimpenda mwanaume wa Bukoba, Mlutheri, na harusi ikawa kwao. Hukuja. "Sheria ni sheria," ulisema, ukageukia cherehani yako. Nilivuka mpaka wa Rusumo nikijiambia kwamba mama yangu anapenda vitambaa kuliko watoto. Samahani mama. Nililisema hilo kwa sauti, mume wangu alinisikia.

Halafu ukaja ule mwezi wa nne. Nilikuwa jikoni kwangu Bukoba, redio inatangaza mauaji ya Kigali, na mimi nakuambia moyoni, nenda kanisani, mama, kanisani hawatakugusa. Ulikuwa umeshakwenda. Wote mlikuwa mmekwenda. Na waliowafuata humo wengine mlipokea nao hostia mwezi mmoja kabla, kwenye foleni ileile, mikono imekunjwa kifuani. Tulifundishwa "Usiue," sikatai. Lakini sikuwahi kumwona mtu akipiga magoti kwenye tope kwa ajili ya amri hiyo. Tuliogopa kukanyaga chembe ya mkate, tukamkanyaga mtu! Ni kitu gani tulichokuwa tunakifua kila Jumamosi, mama? Niambie, kwa sababu mimi sijui tena.

Padri mpya amekuja, kijana aliyekulia Tanzania. Anataka Noeli isomwe misa, na amesikia kazi ya vitambaa ilikuwa yako. Mara mbili amekuja kuniuliza kama nitaishika. Mara ya kwanza nilimwambia sijui. Mara ya pili nilimwambia tafuta mwingine, mimi kule kanisani siingii, na hata ningeruhusiwa kupokea hostia, mdomo wangu usingefunguka. Hakubishana. Alisema atapita tena, na siku aliyoitaja ni kesho.

Jana mchana akaja Speciosa. Nilidhani amekufa. Mkono wake wa kushoto haukunjuki tena, ameubana kifuani. Alikaa hapa nilipokaa, akatoa kwenye blauzi kitambaa kilichokauka, kikawa cha kahawia, kigumu kama ngozi. Pembeni niliuona msalaba wako mwekundu.

Alinieleza yote. Walipowashambulia mara ya kwanza mkabaki na majeruhi, ulikwenda sakristia, kile chumba cha vyombo vya misa, ukavunja kabati, ukatoa vitambaa vyote. Mkasi haukuwepo. Ulivichana kwa meno. Ulipita benchi kwa benchi ukiwafunga watu, mpaka ukafika benchi la mwisho.

"Nilimwambia, Mama Konso, hii si kitambaa ya Yesu?" Speciosa akasema. "Akaniambia, nyamaza, leta mkono."

Kesho yake walirudi. Yeye walimwacha wakidhani amekufa. Wewe, mama, huna hata kaburi la peke yako, umelala na wenzako wote, na sijui nisimame upande gani nikuombee.

Nilibaki nikiutazama ule msalaba. Speciosa alidhani nimekasirika. Akakisukuma kitambaa kwangu kwa vidole viwili, kwa woga. "Mama yako alinikatazaga kushika kile kikapu. Mimi sasa nimetembea na hii miezi yote, nimelala nayo. Iko dhambi, Konso? Tuichome?"

Niambie, mama, ningemjibu nini? Nilimkumbatia nikalia, na yeye akalia. Kisha nikaazima karai kwa jirani, nikanawa mara mbili, naye nikamnawisha. Tukakiloweka. Maji yakawa mekundu. Sijui ni damu yake peke yake, au mna na ya kwako kutoka vidoleni. Sikutaka kujua. Kitambaa kilianza kuwa cheupe na mimi nikaumia zaidi, maana ndicho pekee nilichobakiwa nacho chako, nami nilikuwa nakufua humo.

Akaniuliza maji tuyamwage wapi. Nikamwambia, "Yamwage wewe. Kwenye maua." Alilipachika karai kiunoni kwa ule mkono mmoja, akatembea polepole. Lakini kabla hajafika kitaluni likayumba, maji kidogo yakamwagika njiani, pale watu wanapopita. Akaliweka chini. Akapiga magoti, akaanza kuzoa ule udongo uliolowa, konzi kwa konzi, hata punje hakuiacha.

Nikapiga magoti pembeni yake.

Padri akija kesho nitamwambia nitafua, ila kikapu atakibeba Speciosa. Akikataa, na afue mwenyewe. Kuhusu mengine yote uliyoniaminisha, mama, bado nimekukasirikia, na nakutamani hadi mifupa inauma. Harusini kwangu ningekuwekea kiti cha mbele.

Pumzika huko uliko, na wote uliowafunga vidonda.

Mwanao mvivu,
Konso