Nimeifuta Chunusi ya Mshtarii

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nikichelewa nimekwisha. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo ya picha za pasipoti na harusi, na miaka kumi na minne kazi yangu ni kuwasafisha watu nyuso kwenye kompyuta, chunusi, makovu, hata jasho, wateja wananiita Mfuta Chunusi na mimi naitika. Sasa mwaka jana nikajiunga na kundi la simu la watu wanaotengeneza picha za Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, kuna chombo kinaizunguka na kutuma picha zikiwa vipande vipande visivyo na rangi, yeyote anaruhusiwa kuvichukua, kuviunga na kuvitia rangi, basi nikanogewa, mshauri, yale mawingu yanavyojikunja! Mwezi uliopita nikatengeneza moja, kila mtu akasema hajaona picha safi namna ile, maktaba yetu wakaiomba waitundike ukutani, uzinduzi Jumamosi, na mama mkwe, ambaye siku zote husema binti yake ameolewa na mtu wa pasipoti, ameshashonesha nguo. Kumbe mkono wangu umeniponza. Palikuwa na kidoa cheupe shavuni mwa sayari, nikakifuta bila hata kufikiri, na kidoa chenyewe kilikuwa dhoruba mpya. Aliyeiona ni mwalimu mmoja mstaafu kwenye kundi, akaionyesha kwenye picha yake, wakamcheka, eti ni uchafu wa kompyuta yake kuukuu, mbona kwenye picha ya Fundi, ndivyo wanavyoniita mle kundini, haipo? Nikanyamaza. Juzi mzee kajitoa kundini, kaaga kwa kuandika, "Huenda macho yangu yamechoka." Mshauri, nifanyeje?

Mimi, Mfuta Chunusi

*

Mfuta Chunusi,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika pale kwa mwalimu, kicheko kikaniisha.

Kufuta ulipitiwa. Mazoea yana taabu, na hilo nakusamehe. Lakini kunyamaza hukupitiwa, baba, uliamua! Ulikaa ukapokea sifa huku mzee wa watu anachekwa kwa kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Hiyo aibu unayoiogopa ya Jumamosi, yeye ameshaivaa badala yako.

Mama mkwe mwache kwanza. Akikasirika, atakasirika akiwa amependeza.

Ukishakunja gazeti hili, mpigie mwalimu. Usimtumie ujumbe, mpigie, akusikie sauti inavyotetemeka. Ukimaliza, liambie kundi zima ulichofanya, bila visingizio. Halafu rudi kwenye vile vipande vya mwanzo uitengeneze picha upya, kidoa kikae palepale shavuni, na chini yake liandikwe jina la aliyekiona. Hiyo ndiyo iende maktaba. Mwalimu akikubali kuja, yeye ndiye afunue kitambaa, wewe shika ngazi.

Na kwenye simu usianze kumsimulia habari za studio na miaka yako kumi na minne. Akipokea tu, mwambie: "Mwalimu, macho yako ni mazima. Mimi ndiye niliyefuta."