Nafasi kwenye Mkeka

Bangwe, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Martini,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa Hamdani wa lori la mawese.

Huu ni mwezi wa rozari. Sanamu ya Bikira Maria inakaa siku moja kila nyumba ya jumuiya, watu wakiisindikiza kwa nyimbo. Jana ilitoka kwa mama Thobias, zamu ikawa yangu. Nilifagia, nikatandika mkeka, nikachemsha chai birika zima. Wakapita mlangoni wakiimba, wakaingia nyumba ya pili. Ile chai nimeinywa peke yangu mpaka leo asubuhi.

Tangu mtumbwi wako ulipopinduka na Bonifasi akafa maji, nawe ukatoroka kabla hatujamzika, hakuna anayekaa kwangu. Wananisalimia vizuri kabisa, wanapita. Afadhali wangenitukana.

Mama yako

Tabora, 30 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ya tofali inaendelea. Watu hao wangekuwa Wakristo kweli wasingekufanyia hivyo. Achana nao, sali nyumbani, Mungu yuko kila mahali. Ule upepo ulikuwa wa ghafla, mama. Sikuutuma mimi.

Mwanao Martini

Bangwe, 20 Novemba 2023

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, maana wewe salamu hii umeshaisahau. Mungu yuko kila mahali, ndiyo, lakini hapa ndani haniulizi magoti yanaendeleaje.

Jumamosi Esther, mama yake Bonifasi, alikuja. Niliogopa, mwanangu. Alikuwa na mkeka kwapani. Akautandika, akasema, "Mama Martini, tuanze rozari, wenzetu watatukuta." Nikamwambia hawaji. Akasema, "Mimi mwenye msiba nimeingia. Wao watabaki nje wakimlilia nani?"

Tulikuwa tendo la tatu la rozari walipoanza kupiga hodi, mmoja mmoja, kwa aibu. Nililia mbele za watu.

Esther anaomba kitu kimoja. Tarehe 14 Februari Bonifasi anatimiza mwaka tangu afe. Anataka uje, utie udongo kaburini kama wenzako walivyotia, umwambie mwanawe alisema nini mwisho. Kwa upepo hakulaumu. Kukimbia ndiko kunakomuuma. Nimewaahidi yeye na jumuiya yote kwamba utakuja.

Mama yako

Tabora, 11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Tanuri limewashwa, bosi hajaniruhusu. Nimempa Hamdani ndoo ya asali, umpe mama Bonifasi. Mniombee.

Mwanao Martini

Bangwe, 19 Februari 2024

Martini,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima.

Asali yako inarudi na Hamdani. Esther hakukasirika. Alisema tu, "Sikuomba chakula."

Kutoka makaburini, jumuiya yote ilikuja kwangu. Esther alikutengea nafasi ubavuni pake kwenye mkeka. Watu walibanana, wengine wakasimama hadi barazani, na pale hapakukaa mtu. Chai ikaisha nafasi ikiwa wazi. Niliona aibu, nikaitazama mpaka macho yakaniuma.

Nilidhani wataniacha tena. Hawakuniacha. Kesho mama Thobias ananipeleka hospitali kwa ajili ya magoti. Upweke ulionitwika wameniondolea, mwanangu, na sasa ninayemlilia ni wewe, maana tofali hazikuulizi hali.

Jumamosi sala ni kwa Esther. Ameniuliza kama akutengee nafasi tena. Nimemwambia hapo anyooshe miguu.

Mama yako