Mama Mkwe Analifunika Tangi Kila Mchana

Mpendwa Shangazi Mshauri, shikamoo. Nisaidie na usinicheke, maana wenzangu wanakuandikia habari za waume na mimi nakuandikia habari za taa ya samaki, lakini hii taa imeniliza kuliko mume.

Nina mtoto wa miezi tisa, anatambaa, na tunakaa na mama mkwe ambaye alipooza upande wa kulia na kauli ikampotea, hasemi hata neno, siku nzima yuko kwenye kiti chake mbele ya tangi dogo la samaki, la lita arobaini, aliloacha marehemu baba mkwe, lenye mimea ya majini ambayo mzee alikuwa akiipunguza kwa mkasi kama kinyozi. Alipofariki, ile taa yake ndogo ikaungua, mimea ikanyong'onyea, nikasema moyoni hapa ndipo nitakapompendeza mama, nikaenda dukani, muuzaji akaniambia, "Dada, mmea ni mwanga, chukua hii kubwa," akanipa taa ya LED ile ya kumulika uani, ya wati hamsini, nikaitundika juu ya tangi na naiwasha tangu alfajiri mpaka tunapolala, maana nilijua mmea ni kama mtoto, ukiulisha sana unanenepa.

Shangazi, leo wiki ya tatu, maji ni ya kijani, majani yameota nywele, samaki siwaoni mpaka waje kubusu kioo. Wifi yangu alipokuja akasema, "He! Samaki wa baba umewapikia supu ya mboga!" Nikacheka naye, halafu nikaenda kulia bafuni. Mume wangu anasema tulimwage tu, pawekwe kabati.

Lakini kinachonikondesha si wifi. Kila mchana mama anavua mtandio wake kwa mkono wa kushoto, polepole, anahangaika mpaka aulaze juu ya tangi, nami nauondoa kwa adabu, namwambia, "Mama, watakosa mwanga." Juzi akanipiga kofi la mkononi, jepesi kama la mtoto, akageuza uso ukutani. Nimejua amenichukia, anawaficha samaki wa mumewe nisiwaone. Nilipokuja hapa bibi harusi nilimwona baba mkwe naye akiizima taa kila mchana akienda kujinyoosha, nikadhani anabana umeme, basi labda nyumba hii haipendi mwanga, au hainipendi mimi. Ninunue taa gani, Shangazi, nimpate mama yangu?

Ni mimi, Mama wa Mtambaaji

*

Mama wa Mtambaaji, marahaba mwanangu. Futa machozi, kisha lete sikio nilivute.

Taa ya uani ni ya kufukuzia wezi. Huyo mtoto ukimnyonyesha kutwa bila kumpumzisha, atanenepa? Atacheua. Basi tangi lako limecheua: mwanga ulioishinda mimea umeliwa na mwani, huo utelezi wa kijani.

Rudi dukani, na safari hii usimsikilize muuzaji, soma boksi. Chukua taa ya LED ya tangi, yenye mwanga mweupe, palipoandikwa 6500K au karibu na hapo. Za zambarau zinapendeza macho tu. Wati achana nazo, tazama lumeni, ndicho kipimo cha mwanga wenyewe: kwa lita arobaini na mimea isiyo na makuu, mia sita hadi mia nane zinatosha. Nunua na swichi ya saa, ijizime yenyewe. Anza na saa sita kwa siku. Mimea ikichangamka ongeza, ila usipite nane. Waya uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji lisiufuate hadi kwenye umeme, na vyote viwe mbali na huyo mtambaaji. Kila wiki badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyolala ndooni, kata majani yenye nywele, punguza chakula. Hayatatakata kesho. Yape mwezi.

Sasa nikugombeze. Baba mkwe wako hakuwa anabana umeme, alikuwa anailaza mimea. Wafugaji wengi wa samaki huzigawa saa za mwanga hivyo, nusu asubuhi, nusu jioni, na katikati wanazima, mwani usipate nguvu. Mama aliliona hilo miaka yote kabla hujaijua nyumba hiyo. Kauli imempotea, akili anayo! Wiki tatu amekufundisha kwa mkono mmoja, nawe kila siku unamfutia ubao. Kofi lile hata mimi ningekupiga.

Asiyekupenda hahangaiki na mtandio, mwanangu. Angekuacha uwaue samaki, apate la kukusimanga. Na mumeo mwambie kabati litafute ukuta mwingine.

Kesho mchana, akianza kuuvua mtandio, usiseme kitu. Zima taa, kaa karibu na kiti chake, halafu shika ile pembe ambayo mkono wake wa kulia hauifikii.