Damu Iliyokumbuka Msitu

Kakuma, Alhamisi, kiangazi cha 1974

Upepo haujatulia tangu alfajiri. Vumbi liko kwenye chai, kwenye kope, hata kwenye kurasa hizi. Nimeketi nje ya boma la shemeji yangu Lokwang'. Hakuna aliyenikaribisha ndani.

Mwezi uliopita, huko Lodwar, homa ilinipeleka hospitali nikapimwa damu. Majibu yakasema kaswende. Nikafikiri kama msomi: mimi sijatoka nje ya ndoa, basi mke wangu Akiru ndiye aliyeuleta ugonjwa. Nikamwambia hivyo kwenye bomba la maji, mbele ya majirani. Hakulia. Alichukua kibuyu chake cha maziwa akapanda lori la kuja huku kwa kaka yake.

Nilimhukumu kwa hesabu.

Juzi daktari aliniita tena. Alitazama makovu ya miguu yangu, akauliza nilizaliwa wapi. Nikamtajia kwetu, Sudan, kwenye misitu ya mvua nilikokimbia vita. Akauliza kama niliugua buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, utotoni. Niliugua, watoto wa kijiji kizima tuliugua, tukiambukizana michezoni. Akaeleza kuwa vijidudu vya buba na vya kaswende ni ndugu, na kipimo cha damu hakivitofautishi.

Nilipoteza nyumba na makaburi ya wazazi. Kumbe damu ilibeba kitu kimoja cha kwetu, nami nikakitumia kumfukuza mtu aliyenipa kwetu kwingine.

Leo nimefika na mbuzi wa kuombea radhi. "Ejok, Mwalimu," Lokwang' akanisalimu kwa Kiturkana. "Vitabu vimesemaje leo?" Nikaeleza yote. Akacheka bila furaha. "Kumbe ugonjwa ni wa kitoto, na akili pia! Ulimtukana dada yangu mbele ya watu wa Lodwar, halafu unaniletea mbuzi Kakuma? Nenda ukaseme kwa masikio yaleyale."

Akiru alitoka mara moja tu.

"Mzee, na kama daktari angesema ni kaswende kweli, ungekuja?"

Akarudi ndani.

Kesho nitapanda lori hadi Lodwar. Nitasimama kwenye lile bomba, nipandishe suruali, niwaonyeshe majirani makovu na kuyataja kwa jina lake, buba. Hilo ninaliweza. Swali la Akiru nitarudi nalo, kwa sababu jibu la kweli ninalijua tayari, na sijui mwanamke anaishije na mtu aliyempa jibu hilo.